Diski Haijatoka Sandukuni

Katika mtaa wetu mzima hakuna mwanamke aliyewahi kufa mbele ya kamera vizuri kama mimi. Ni kweli pia kwamba hakuna mwanamke mwingine mtaani kwetu aliyewahi kufa mbele ya kamera, kwa hiyo ushindani haukuwa mkali.

Kwa yule aliyefungia sabuni gazeti la wiki jana kabla hajalisoma, nampa kwa ufupi. Mjukuu wangu katengeneza filamu ya dakika ishirini na mbili kwa kamera ya kuazima, taa ya kusomea na bibi wa bure. Bibi mwenyewe ndiye mimi. Nacheza mjane anayekataa kuhama nyumba yake, na dakika ya kumi na tisa nakata roho kwenye kiti. Ukumbi wa sinema wa mjini umetangaza shindano la filamu za mfuko mdogo, mwisho wa kupokea ni Ijumaa saa kumi alasiri. Baba wa binti huyo, yaani kifungua mimba wangu, keshatoa hukumu: filamu isipopokelewa siku hiyo, Jumatatu binti anaanza ukarani kwenye ofisi ya bima ya rafiki yake, na habari za kamera ziishe.

Niliwaacha, wasomaji, mlangoni pa ukumbi, Ijumaa yenyewe, saa sita mchana. Mjukuu kashika diski yenye filamu. Mimi nimeshika miguu yangu isinikimbie.

Kwa nini miguu ikimbie? Ngojeni. Aibu haiharakishwi.

Chumba cha projekta kiko juu, unakifikia kwa ngazi za chuma zinazopiga kelele kila ukikanyaga, kama zinakutaja jina. Ndani tukamkuta mama mmoja wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Watu wanamwita Dada wa Projekta. Ana sauti ya mtu aliyewaambia wengi "hapana" maishani, akalala usingizi mzuri tu.

"Masharti mmesoma?"

"Nimesoma, dada," mjukuu akajibu. "Faili liwe MOV, picha iwe na upana wa elfu moja mia tisa na ishirini, na… na mengine yale."

Mimi nimekuwa fundi cherehani miaka arobaini. Mteja akikwambia "upana huu, na mengine yale," jua hayo mengine hakupima. Lakini nilikuwa na dhambi zangu, nikanyamaza.

Dada akachomeka diski kwenye mashine. Mashine ikafikiri. Kisha ikaandika maneno mawili mekundu: FAILI HALITAMBULIKI.

"Jaribu tena, dada."

"Mashine si mchumba, haibembelezwi." Akavaa miwani. "Jina linasema MOV. Ndani si MOV."

"Haiwezekani! Nililitoa mwenyewe kwa mkono wangu."

"Basi kuna mtu kabadilisha herufi tatu za mwisho. Kabadilisha jina, akadhani kageuza faili. Ni kama kubandika karatasi ya SUKARI kwenye kopo la chumvi. Kopo halibishi. Chai ndiyo itakayosema."

Mimi nikaangalia dari. Dari ile ni nzuri sana, nawaambia. Ina vibao ishirini na sita.

Dada akalifungua faili kwa programu nyingine, ile inayochungulia ndani bila kujali jina. "Hii hapa. Ni AVI. Upana mia sita na arobaini. Uzito megabaiti mia moja na themanini."

"Faili mama langu, lile la asili, lilikuwa gigabaiti tisa!"

"Basi limeugua."

Akabonyeza kitufe, nikatokea ukutani. Mungu ninusuru. Sura yangu ilikuwa imejengwa kwa vigae. Pua vigae vinne, jicho kimoja. Nilipofungua mdomo, vigae vikahama vyote kama vimeitwa kwenye mkutano. Na kifuani, kwa herufi kubwa za kijivu, nimeandikwa: TOLEO LA MAJARIBIO.

Nikafa nimeandikwa hivyo hivyo. Toleo la majaribio! Sasa mtu akifa kwa majaribio, anatarajiwa kurudia?

"Haya maneno yanawekwa na programu za kugeuza zisizolipiwa," Dada akasema. "Unatumia programu gani, binti?"

"Sina programu hiyo, dada. Naapa." Kisha akanigeukia taratibu. Ana macho ya marehemu babu yake, na babu yake nilishindwa kumdanganya kwa miaka thelathini, ingawa sikuacha kujaribu. "Bibi. Tangu Jumatatu diski nilikuachia wewe. Ilitoka?"

Hapa ndipo mtu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikasema:

"Haijatoka sandukuni. Na sanduku halijatoka uvunguni. Na kitanda hakina miguu ya kutembea."

Kitanda kina miguu minne, lakini hakuna aliyenikosoa.

Sasa nyinyi wasomaji, kwa kuwa hamnijui nyumbani, nawaungamia.

Nina jirani. Namwita Mama Tangazo, kwa sababu mtoto wa dada yake aliwahi kutokea kwenye tangazo la sabuni, akinawa mikono. Sekunde sita. Mikono tu! Uso haukuonekana. Lakini kwa sekunde sita hizo, miaka minne sasa, hatupumui. Ukienda kumpa pole, utasikia habari za mikono. Ukienda kuazima ndoo, mikono. Jumatatu jioni kaniambia, "Shoga, filamu siyo mchezo. Sisi wenye watu kwenye televisheni tunajua."

Jumanne asubuhi diski ikatoka sandukuni.

Niliipeleka kwa Bingwa, yule mwenye duka la kunakili nyimbo na filamu, ambaye kibao chake kinasema TUNAGEUZA CHOCHOTE KUWA CHOCHOTE. Nikamwambia nataka nakala ndogo ya kwenye flashi, iweze kuonekana kwenye deki ya jirani, ile ya zamani. Bingwa akauliza maswali matatu, nikajibu "ndiyo" yote matatu bila kuelewa hata moja. Akanipa flashi, akanirudishia diski, nikairudisha sandukuni. Na flashi nikampa Mama Tangazo mkononi.

Mikono ya sabuni ikaisha siku hiyo hiyo. Nililala kama mtoto.

Basi turudi ukumbini, ambako sikulala.

"Kwenye kompyuta yako halipo?" Dada aliuliza.

"Nililifuta, ilikuwa imejaa. Na kamera nimeirudisha, mwenyewe keshapiga harusi mbili juu ya kadi ile." Sauti ya binti ilianza kukatika. "Dada, siwezi kulikuza hili dogo? Niligeuze liwe na upana ule unaotakiwa?"

"Unaweza. Utapata vigae vikubwa zaidi. Kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi kwa kupanuliwa."

"Ni kweli," nikadakia, mdomo ukinitangulia kama kawaida yake. "Kitambaa ukishakikata kaptura, hakirudi kuwa gauni."

Mjukuu akaangua kilio. Ama kweli mimi ni mfariji.

Akatoka, akakaa kwenye ngazi, akatoa simu. Nikachungulia begani kwake. Alikuwa anaandika: *Baba, Jumatatu nitakwenda ofisini. Naomba niazime viatu vya* …

Viatu! Wasomaji, neno hilo lilinichoma kuliko kilio. Mtoto keshafika kwenye viatu!

"Usitume!" nikasema. "Usitume kitu kabla sijarudi. Nakwenda msalani."

"Bibi, msala uko huku."

"Napenda wa mbali."

Duka la Bingwa liko mtaa wa pili. Kwa umri wangu ni mwendo wa dakika kumi na tano. Siku ile nilikwenda kwa saba, na watu wawili wakaniuliza nyumba gani inaungua.

"Bingwa, umeniua!"

"Karibu bi mkubwa! Lakini mbona unakufa vizuri tu? Nimeiona yote. Pale unaposema hutoki humu ndani, nilimkumbuka mama mkwe wangu."

"Lile faili kubwa ulilifanya nini?"

"Nililitoa. Lilikuwa linakujazia diski bure. Nikakuwekea dogo, jepesi, na jina nikalipa lile lile la mwanzo ili mtoto asihangaike kutafuta." Akatabasamu. "Hiyo huduma siitozi, mama."

Kuna watu wanaoharibu kwa chuki, hao unaweza kuwakimbia. Ila wanaoharibu kwa ukarimu, sijui mtu unawaepukaje.

"Ulilifuta?" Nilikuwa nimeshika meza.

"Mimi? Mama, mimi sifuti kitu cha mtu. Hata picha za harusi za walioachana ninazo humu."

Akageuza kompyuta. Hilo hapo, ndani ya boksi alilolipa jina BIBI ANAYEKUFA. Gigabaiti tisa, halijaguswa. Nilitaka kumbusu, nikamwangalia vizuri, nikaghairi.

"Nitilie kwenye flashi, upesi."

Akachomeka flashi. Ikakataa. FAILI NI KUBWA MNO.

"Flashi hiyo inabeba ngapi?"

"Thelathini na mbili, mama."

"Na faili?"

"Tisa."

"Bingwa, mimi shule ya msingi niliimaliza. Tisa inaingia kwenye thelathini na mbili mara tatu, na inabaki."

"Siyo nafasi, mama. Ni jinsi flashi ilivyopangwa kiwandani. Mpango huu wa zamani haupokei faili moja linalozidi gigabaiti nne. Nyimbo ndogo ndogo hata mia tano zinaingia, lakini pande moja kubwa, hapana."

"Yaani chumba kina nafasi, kabati linakwama mlangoni."

"Umeona! Sasa dawa yake nalibana kidogo tu…"

"Ukilibana, nitakubana wewe kwenye huo mlango!"

Akarudi nyuma na kiti chake. "Basi njia nyingine ni kufuta flashi yote na kuipanga kwa mpango mpya. Lakini ina nyimbo zangu. Nimezikusanya miaka."

"Ziage."

"Mama, hata sijui kama nyingine nitazipata tena."

"Umesema hufuti kitu cha mtu. Hizi ni zako. Futa."

Akafuta. Nilimwona midomo inatembea. Sijui alikuwa anaimba au ananitukana. Faili likaanza kuingia, mstari wa kijani ukisogea kama mtu anayekwenda kuoga wakati wa baridi.

Nikarudi ukumbini saa nane na dakika kumi.

"Bibi, umekaa msalani saa nzima!"

"Ukifika umri wangu utajua." Nikampa flashi. "Haya. Faili mama hilo."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake pale pale kwenye ngazi. Akaona gigabaiti tisa. Akaniangalia mimi, akaangalia skrini, akaniangalia tena.

"Umelitoa wapi?"

Bado nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, na sasa kweli ilikuwa na mwisho mzuri. Ningesema tu: mjukuu wangu, nilikosea, nimerekebisha. Lakini uongo ni kama soksi. Ukivaa mmoja unatafuta wa pili.

"Jumatatu ile uliponiachia diski, ulipoingia kuoga, nilijinakilia kwenye flashi. Tahadhari. Nikaiweka kwenye pochi, nikaisahau."

"Wewe, Bibi? Ulinakili? Kwenye flashi iliyopangwa upya kabisa?"

"Unadhani shule ya msingi ilikuwa ya kuchezea kombolela?"

Akanikumbatia mpaka mfupa ukalia. "Bibi yangu wewe! Mke mwenzangu! Umeniokoa!"

Nikapokea sifa zote. Sikubakiza hata moja kwa ajili ya Bingwa na nyimbo zake.

Tukapanda tena. Dada akalichungulia faili.

"Hili ni zuri. Picha safi, upana sawa, MOV ya kweli." Akasogeza miwani. "Lakini ni fremu thelathini, yaani picha thelathini, kwa sekunde. Sharti ni ishirini na tano."

Yale "mengine yale." Sikusema mimi?

"Kamera ilipiga thelathini, dada. Nilidhani mashine yenu itageuza yenyewe."

"Mashine yetu haigeuzi. Inakataa." Akaangalia saa ya ukutani. "Saa nane u nusu. Una programu nzuri humo? Chomeka pale. Na sikiliza vizuri, sirudii. Iambie ipunguze fremu tano kila sekunde, urefu wa filamu ubaki ule ule. Ukikosea ukaiambia izitumie fremu zote kwa mwendo mpya, filamu itarefuka dakika nne na bibi yako atazungumza kama kalewa."

"Na sauti?"

"Sauti usiiguse. Na geuza mara moja tu, kutoka hapa kwenye faili mama hadi mwisho. Wengi wanageuza, hawaridhiki, wanageuza kile walichogeuza, halafu wanageuza tena. Kila kugeuza ni kufua. Shati la kwanza jeupe, la kumi ni tambara la kupigia deki."

Nikampenda yule mama. Hivi ndivyo nilivyokuwa nikiwafundisha wanagenzi wangu: pima mara saba, kata mara moja.

Mjukuu akabonyeza. Asilimia moja.

Sitawasimulia dakika hamsini zilizofuata, kwa sababu hakuna kilichotokea, na bado nilizeeka. Feni ya kompyuta ikanguruma kama inapanda mlima. Asilimia thelathini. Asilimia sitini. Mjukuu hakukaa. Ilipofika tisini na tisa ikasimama, kama mgeni anayeaga mlangoni kisha anaanza hadithi mpya.

"Imekwama, Bibi!"

"Haijakwama. Inavaa viatu."

Saa tisa na dakika ishirini na tano ikamaliza.

Dada akaichomeka kwenye mashine yake. Hakuna maneno mekundu. Akazima taa.

Wasomaji! Ukuta mzima ulikuwa mimi. Makunyanzi yangu yote yalikuwa yamerudi, kila moja mahali pake, na nilifurahi kuyaona kama watoto waliotoka safari. Uzi wa sindano niliyokuwa nashonea ulionekana. Machozi yalionekana, nayo yalikuwa ya vitunguu, lakini nani atajua?

Dakika ya kumi na tisa nikafa. Hakuna vigae. Hakuna toleo la majaribio. Mjukuu alikuwa kanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kama wa aliyekufa yeye.

Taa zikawaka. Dada wa Projekta alikuwa kavua miwani, anaifuta kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Hii," akasema, "waamuzi wataiangalia."

Mjukuu akaruka. Na mimi niliruka, ila chini kidogo.

"Imebaki fomu." Akatoa karatasi. "Swali moja la mwisho, ndilo linalowaangusha wengi. Filamu imewahi kuonyeshwa au kugawiwa kwa watu kabla ya shindano? Kama ndiyo, hatuipokei. Wanasaini wawili: mwongozaji, na mtu aliyetunza faili mama."

"Hapana!" mjukuu akasema huku akicheka, na kalamu keshaishika. "Nani wa kumwonyesha? Hata baba hajaiona." Akasaini. Akanisogezea karatasi. "Bibi ndiye mtunzaji. Saini hapa."

Nikaishika kalamu.

"Mama," Dada akaniuliza, na safari hii sauti yake ilikuwa laini, jambo lililofanya hali iwe mbaya zaidi. "Kuna mtu mwingine ameiona?"

Saa ya ukutani: kumi kasoro dakika kumi. Nikimwambia ndiyo, mtoto anakwenda kuazima viatu. Nikimwambia hapana, ni neno tu. Jirani yuko kwake, deki iko kwake, mji ni mkubwa. Nani atakayejua?

"Mwanangu," nikasema, "hata paka hajaiona."

Nikasaini. Jina lote, mpaka la baba.

Dada akachukua muhuri, akaupulizia pumzi kidogo ili wino ulowe. Ndipo zile ngazi za chuma zikaanza kupiga kelele. Watu wawili.

Wa kwanza kuingia alikuwa mwanangu, tai shingoni, saa mkononi anaitazama kama hakimu. "Nimekuja kushuhudia mwenyewe. Imepokelewa?"

"Baba, inapigwa muhuri sasa hivi! Imekubaliwa!"

Na niliona jambo ambalo sijaliona tangu mwanangu ana miaka tisa: uso ukamlainika. Akamtazama binti yake, akalegeza tai. "Sasa hivi?" akasema. "Kweli?" Alikuwa anakaribia kutabasamu, wasomaji. Meno mawili yalikuwa yameshatoka.

Kisha nyuma yake akatokea wa pili, anahema, kajishika kiuno.

"Shoga! Ngazi gani hizi! Nimemwona mwanao anatoka na gari, nikamwambia haniachi." Mama Tangazo akajifuta jasho, akamgeukia Dada wa Projekta kwa heshima zote. "Habari za kazi, mwanangu. Naomba unionyeshe na mimi kwenye huu ukuta. Jumatano kwangu sikuiona vizuri, watu walijaa wakanikalia mbele."

Muhuri ukasimama hewani.

"Anasema filamu nyingine," nikadakia. "Huyu anaangalia filamu nyingi sana. Zinamchanganyikia."

"Nyingine ipi, shoga? Si hii unayokufa kwenye kiti? Pale tumeirudisha nyuma mara tatu, mke wa fundi viatu kalia mpaka tukampa maji." Akamgeukia mjukuu wangu, uso unamng'aa kwa furaha ya kweli. "Hongera, mwanangu! Tulikuwa kumi na wanne, na wote wanaulizia nakala. Bibi yako alinipa flashi Jumanne kwa mkono wake mwenyewe, akaniambia nikae nayo tu, nisihangaike kuirudisha."

 

Dada wa Projekta akauweka muhuri mezani, ubavuni mwa karatasi, siyo juu yake. Akaweka kidole kwenye mstari wa chini.

"Mama. Hii sahihi ni yako?"

Nikaitazama. Nikamtazama mwanangu, ambaye tai yake ilikuwa inarudi juu yenyewe, kisha saa ya ukutani, iliyokuwa imebakiza dakika sita.

"Ni yangu," nikasema, na tangu saa sita mchana hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza la kweli.

Mjukuu wangu hakulia. Ningeshukuru angelia. Alinyoosha mkono, akaichukua kalamu iliyokuwa bado vidoleni mwangu, akaifunga kifuniko chake.

"Kumi na wanne, Bibi?"